Hundi niliyowapa Sacco imerudi, sasa naitwa kortini: nikiri yaishe?

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia usiku, cherehani zimenyamaza na watoto wamelala. Mchana siwezi. Kila pikipiki inayosimama nje nadhani ni polisi.

Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Pwani. Nina cherehani nne na nyingine ya ovaloki, na wasichana wawili ninaowalipa kwa idadi ya nguo. Kwa miaka minne nimekuwa mwanachama wa Sacco moja, naweka akiba kila mwezi hata mwezi wa njaa. Mwaka jana nikakopa Sh480,000 ninunue vitambaa na hiyo ovaloki. Walionidhamini ni watatu: wifi yangu, ambaye ni muuguzi, na kina mama wawili wa chama chetu.

Nililipa vizuri miezi ya mwanzo. Halafu shule mbili nilizozishonea zikaanza kunizungusha. Nikienda, mhasibu ananiambia pesa za serikali hazijaingia, nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi minne, na miezi hiyo yote Sacco sikuwapelekea hata shilingi.

Tarehe 12 Machi nikaitwa ofisini. Afisa wa mikopo ni kijana mpole, hana kelele. Alinigeuzia karatasi yenye majina ya wadhamini wangu, jina la wifi likiwa juu, akasema, "Mama, hawa Ijumaa akiba zao zinakatwa." Nikalia palepale. Aliponipa tishu akaniuliza kama nina kitabu cha hundi. Nikasema ninacho, cha akaunti ya biashara, lakini akaunti yenyewe ina shilingi mia nane na kitu. Akasema, "Najua mama, ndiyo maana tunaweka tarehe za mbele. Nizionyeshe kamati, wadhamini wapumue."

Nikaandika tatu, siku hiyo hiyo, mezani pake. Ya kwanza Sh60,000, tarehe 31 Machi. Ya pili Sh120,000, tarehe 30 Aprili. Ya tatu Sh130,000, akaniambia niache nafasi ya tarehe wazi, tutaijaza tukielewana. Jumla Sh310,000, deni lote lililobaki kwa hesabu yao. Akanipa karatasi ya kupokea hundi, ina muhuri wa Sacco. Akaniomba pia nizipige picha nimtumie kwa WhatsApp, bosi wake alikuwa safarini.

Ya kwanza ilipita. Nilikopa huku na huku nikaijazia. Ya pili, nilipoona shule hazinipi kitu, nikamwandikia tarehe 27 Aprili: "Tafadhali usiipeleke benki, nipe wiki mbili, shule haijalipa." Akajibu: "Sawa mama nitaongea na bosi." Tarehe 2 Mei ikapelekwa, ikarudi. Benki wakanikata ada yao, Sacco nao wakaweka faini yao juu.

Nilidhani yatakuwa mambo ya barua. Wiki mbili baadaye nilikuwa nampima msichana wa kidato cha kwanza urefu wa sketi, mamake amesimama pembeni, akaingia mtu wa nguo za kawaida akaniuliza jina langu kamili. Mjomba, tepu ilikuwa shingoni, niliivaa mpaka kituo cha polisi. Nimekumbuka kuivua nilipokuwa naandika taarifa. Jioni mume wangu akalipa dhamana ya Sh10,000 nikatoka. Tarehe 16 naenda kortini kusomewa shtaka la kutoa hundi mbaya.

Sasa kila mtu ana lake. Mume wangu anasema nikiri, niombe msamaha, nitozwe faini ndogo na deni liishe hapo hapo. Meneja wa Sacco anasema nikileta Sh250,000 zote kabla ya tarehe 16 yeye "atamaliza kesi." Nje ya korti, nilipoenda kuulizia chumba, mtu wa tai na mafaili kwapani ameniambia kwa Sh30,000 faili langu litapotea. Na kuna fundi wa mtaa wa pili yuko tayari kununua cherehani zangu zote kwa Sh140,000.

Nimefikiria pia kuifunga ile akaunti, maana kila mwezi inanikata ada na haina kitu.

Wifi hajui lolote. Jumapili alikuja na embe za watoto, akakaa mpaka magharibi, nami nikamkalia kimya. Leo nimesikia barua za wadhamini zinatoka wiki hii.

Nifanye nini?

Fundi wa sare


Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu mkononi, mazoea ya miaka mingi ya ukarani wa korti. Mimi si wakili, na kabla ya tarehe 16 lazima wakili aione karatasi yako ya mashtaka, hata kwa nusu saa. Lakini yapo ambayo hayangoji, na la kwanza ni hili: usikiri.

Nimewasomea watu mashtaka mpaka sauti ikakauka. Sheria inaruhusu korti za mahakimu zitumie Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo utasomewa kwa lugha yako, kisha utaulizwa: ni ukweli au si ukweli? Na hapo ndipo watu waungwana huangamia. Mtu mwenye haya, anayejua kweli anadaiwa, hujibu, "Ni ukweli, lakini..." Anadhani anaulizwa kama anadaiwa. Haulizwi hilo. Anaulizwa kama alitenda kosa lililoandikwa pale, kwa namna ilivyoandikwa. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza hatua kwa hatua jinsi jibu la mshtakiwa linavyopokewa: akikiri asomewe kisa chote, aulizwe kama anakikubali, na akitia neno linalopingana na kosa, hakimu aandike kuwa amekana. Kwa hiyo hiyo "lakini" ina maana kubwa kisheria. Ila siku yenye kesi arobaini, na kiongozi wa mashtaka anafunua faili la pili kabla la kwanza halijafungwa, usiitegemee. Sema "si ukweli," kwa sauti ya kusikika, ukae.

Hutakuwa umesema uongo, na nitakueleza kwa nini.

Kosa unaloshtakiwa liko kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Kinamshika mtu anayeandika au kutoa hundi huku akijua akaunti haina pesa za kutosha, au akijua akaunti imefungwa, au akiwa tayari ameshaiambia benki isiilipe. Adhabu ni faini isiyozidi Sh50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hapo ndipo wengi huacha kusoma. Kijifungu kinachofuata kinasema lile sharti la akaunti kukosa pesa halihusu hundi ya tarehe ya mbele. Na sababu yake iko wazi: anayepokea leo hundi ya mwezi ujao anajua kwamba leo pesa hazipo. Amepokea ahadi. Ahadi ikivunjika kuna deni, na deni lina njia zake.

Sasa shika vizuri hapa, mpwa wangu, kwa maana kesi yako yote imelala kwenye hili. Hundi yenyewe haisemi iliandikwa lini. Juu yake pana tarehe moja tu, 30 Aprili. Hakimu akiiona hiyo hundi peke yake, ataona mwanamke aliyekaa tarehe 30 Aprili akaandika Sh120,000 huku akaunti ina mia nane. Hakuna kitu kwenye ile karatasi kinachosema "12 Machi." Kinachosema hivyo ni ile karatasi ya kupokea yenye muhuri, na picha ulizomtumia kijana. Hizo zina thamani kuliko ovaloki yako.

Karatasi ya kupokea itoe nakala tatu leo, ya asili usimpe mtu, hata akija na kofia ya polisi muonyeshe nakala. Simu usiibadilishe, usiifute WhatsApp, usiiazime. Ushahidi wa simu kortini huenda pamoja na cheti kinachoeleza ulitolewaje na kwa kifaa gani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na mawakili wenyewe hukisahau. Mkumbushe wako. Katiba nayo, ibara ya 50, inakupa haki ya kuuona mapema ushahidi wa upande wa mashtaka. Baada ya kukana, omba taarifa za mashahidi. Ukizipata, tafuta kitu kimoja kabla ya kingine chochote: yule kijana amesema hundi aliipokea lini?

Na nikuonye juu ya kosa ambalo mtu mkweli hulifanya kirahisi. Katika barua yako unalishikilia sana lile la kumwambia kijana kwamba akaunti haina kitu. Linakutetea moyoni, lakini kwa kifungu hiki, ukilisema peke yake, unakuwa umejithibitishia kwamba ulijua. Anza na tarehe. Tarehe ikishasimama, ndipo hilo la kumwambia lipate kazi yake, hasa wakijaribu kugeuza shtaka liwe la kujipatia mali kwa udanganyifu, ambalo kifungo chake hufika miaka mitatu. Udanganyifu kwa sheria yetu ni kumwambia mtu uongo kuhusu jambo lililokwisha kuwa au lililopo. Hukumdanganya mtu kuhusu kilichopo, na mkopo ulikuwa umeshakula miezi. Hizo hundi hazikukupa hata senti.

Mume wako ana nia njema, ila hesabu yake ni ya watu wengi na ni mbovu. Faini ya korti inaingia serikalini. Sacco haipati kitu humo, na deni linabaki vilevile, hata siku hiyo hiyo unaweza kutoka kizimbani ukakuta barua ya kudaiwa. Sheria inaruhusu kesi ya jinai na madai ya pesa yaende sambamba. Utakuwa umelipa faini, unadaiwa, na una rekodi. Siku shule au kaunti itakapotangaza zabuni ya sare na kuomba cheti cha tabia njema, utamkumbuka mjomba.

Meneja ndiye ningependa kukaa naye dakika tano. Hizi Sacco, na nimeziona nyingi zikipita mbele ya meza yangu, zinapenda hundi za wakopaji kwa sababu moja: hundi ina polisi ndani yake. Madai ya kawaida kati ya chama cha ushirika na mwanachama wake yana mahali pake, kifungu cha 76 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika kinayapeleka kwenye Jopo la Vyama vya Ushirika. Kule kuna karatasi, tarehe za kusikizwa, watu wanaulizana riba ilihesabiwaje. Kituo cha polisi kina kasi zaidi. Mtu hutolewa dukani na tepu shingoni, na jioni ukoo mzima unachanga.

Anakuambia "atamaliza kesi." Hawezi peke yake. Ikishafika kortini, kesi ni ya Jamhuri dhidi yako, Sacco ni mlalamishi tu. Mlalamishi anaweza kuomba kuondoa malalamiko, kifungu cha 204 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, lakini hakimu ndiye anayekubali au kukataa. Katiba inazitaka mahakama zihimize maridhiano, na kosa kama hili mahakimu wengi hufurahi likiisha hivyo. Kwa hiyo mlango upo, tena mpana. Ila uupite na maandishi. Pesa yoyote utakayowapa sasa ipite benki au paybill ya Sacco, si mkononi mwa mtu, na iandikwe ni ya mkopo gani. Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na muhuri, yataje kwamba Sacco itaomba kuondoa malalamiko, na nakala ifike kwa kiongozi wa mashtaka kabla au siku ya kesi.

Je, Sh250,000 utazitoa wapi? Hapa nilipiga mstari kwenye barua yako. Umetaja akiba za wadhamini, umetaja akiba ya wifi, umelia kwa ajili yake. Yako wewe ni kiasi gani?

Umeweka akiba miaka minne. Sacco nyingi hapa Kenya humkopesha mtu mara tatu ya akiba yake. Kama yenu inafuata kipimo hicho, ili upewe Sh480,000 ulihitaji kuwa na kama Sh160,000 zako mwenyewe mle ndani. Na desturi ya vyama hivi ni kwamba mkopaji akishindwa, akiba yake ndiyo huliwa kwanza, kinachobaki ndicho wanachogawana wadhamini. Nenda kesho ukaombe taarifa yako ya akiba na mkopo, iliyochapishwa, na nakala ya sheria ndogo za chama. Ni haki yako kama mwanachama. Kama ni Sh160,000 kweli, ukiitoa kwenye Sh250,000 mnabaki na ugomvi wa Sh90,000. Ndiyo, utakuwa umekula mbegu, na kukopa tena hapo utasubiri sana. Lakini angalia tofauti: kwa Sh250,000 ulikuwa unafikiria kuuza kiwanda. Na jiulize kwa nini yule kijana mpole alikuonyesha majina ya wadhamini, asikuonyeshe salio la akiba yako.

Cherehani usiuze. Mtu anayekupa Sh140,000 kwa mashine tano, mojawapo ovaloki uliyoinunua juzi kwa mkopo, amesikia habari zako. Na ukishaziuza utashona nini? Badala yake nenda shuleni, zote mbili, usimuulize mhasibu pesa zitaingia lini. Muombe mwalimu mkuu barua. Ukurasa mmoja, wenye nembo ya shule, unaosema shule inadaiwa na wewe kiasi fulani kwa sare zilizopokelewa tarehe fulani, na kwamba wako tayari kulipa moja kwa moja kwenye akaunti yako ya mkopo. Walimu wakuu hawapendi kuandika barua hizo, keti hapo ofisini mpaka iandikwe, wewe ni fundi, una subira ya kuvuta uzi. Ukiwa na barua hizo mbili na taarifa ya akiba, unaingia kwa meneja na pendekezo la kulipa kidogo kidogo linaloweza kubishaniwa. Hata hakimu akiliona ataelewa anayedaiwa ni mtu anayefanya kazi.

Mtu wa tai, usimsogelee tena. Kwanza ni hongo, na Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Pili, nimeishi na mafaili. Faili "linalopotea" huwa limewekwa chini ya jingine wiki tatu, kisha linaibuka, na linapoibuka wewe hukuwepo siku ulipoitwa, hakimu ametoa hati ya kukukamata na dhamana imeenda. Polisi nao wana nakala yao. Ukitaka wakili, jina lake litazamwe kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kama ana cheti cha mwaka huu. Ukikosa pesa, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016 kwa watu wa hali yako. Na ile risiti ya Sh10,000 aliyopewa mume wako, iwekeni pamoja na vyeti vya watoto. Kesi ikiisha na hukuwahi kukosa siku, pesa hizo zinarudi, na bila risiti utazunguka ofisi mpaka uzisamehe.

Akaunti usiifunge. Umeona kwenye kifungu: akaunti iliyofungwa ni mlango mwingine wa kosa hilo hilo, na ile kinga ya tarehe ya mbele haikutajwa kule. Wewe uliandika ikiwa wazi, sawa, lakini kwa nini umpe mtu nafasi ya kuchanganya mambo wakati hundi yako ya tatu bado iko kabatini kwao? Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, ya Sh130,000 isiyo na tarehe. Hundi isiyo na tarehe, mwenye kuishika anaweza kuijaza. Waandikie barua leo, fupi: tarehe 12 Machi mlipokea kwangu hundi tatu, namba hizi, ya tatu haikuwa na tarehe, naomba mnirudishie kwa kuwa tunapanga upya malipo, na kwa sasa akaunti haina pesa za kuilipa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo. Wakikurudishia, vizuri. Wasipokurudishia, una karatasi nyingine yenye muhuri inayosema 12 Machi.

Nimemweka wifi mwisho, ila kwa kweli yeye ndiye wa leo.

Wewe umehesabu kwamba ukinyamaza unamlinda. Barua ya Sacco ikimfika wodini kabla yako, hataona Sh120,000 wala shule zilizokuzungusha. Ataona Jumapili. Ataikumbuka jioni nzima, embe, watoto, wewe umekaa mbele yake hadi magharibi. Pesa ndugu husameheana, hiyo ya Jumapili sina hakika.

Kwa hiyo nenda kwake. Usimwite kwako, wala usimtume mume wako akaseme na dadake, alidhamini mkopo wako kwa sahihi yake na wewe ndiye uliyemwomba. Beba ile taarifa ya akiba kama umeipata, beba nakala ya karatasi ya muhuri. Mwambie siku zote tatu kwa mpangilio: 12 Machi, 2 Mei, 16. Mwambie akiba yako ndiyo itatangulia, na umwombe aandikie Sacco kudai hilo hilo, mdhamini ana haki ya kuuliza kwa nini anakatwa yeye kabla ya mkopaji. Na mwambie, bila kungoja aulize, kwamba chochote watakachomkata kinakuwa deni lako kwake, na umwandikie. Sheria inamruhusu akudai hata usipoandika. Andika hata hivyo, ukurasa wa daftari unatosha. Wale kina mama wawili wa chama nao wanastahili maneno hayo hayo, ila wao wanaweza kungoja mpaka kesho.

Atakasirika. Mwache amalize, usimkate kwa machozi, ulishalia kwa kijana wa mikopo na ukaona yalikuandikisha nini. Kama leo yuko zamu ya usiku, huwa wanatoka nyumbani saa kumi na mbili, basi fika saa kumi.